Anachotuambia Samaki Pundamilia Kuhusu Dawa Zinazoshika Shaba

Kila inapotoka taarifa kwamba kampaundi fulani imeondoa shaba katika miili ya samaki wa maabara bila kuwaua, mitandaoni huzuka kambi mbili. Kambi ya kwanza huisambaza habari kana kwamba dawa imekwisha kupatikana, na haupiti muda mrefu kabla wauzaji wa matone na vidonge vya "kusafisha mwili" hawajaidandia. Kambi ya pili huuliza kwa ukali samaki ana uhusiano gani na binadamu. Zote mbili zinakosea, na kosa lao lina shina moja: hazijaelezwa jaribio lenyewe linapima nini. Jaribio hilo linaeleweka vizuri na mtu yeyote atakayelifuata hatua kwa hatua, na anayelielewa si rahisi kudanganywa na tangazo wala kuipuuza kazi ya kweli.

Tuanze na maneno. Shaba inayozungumzwa hapa ni ileile ya nyaya za umeme, ila ndani ya mwili haikai kama kipande cha madini. Iko chembe moja moja, kila chembe ikiwa imeshikiliwa na protini. Kampaundi inayoshika shaba ni molekuli yenye sehemu mbili au zaidi zinazoweza kuing'ang'ania chembe hiyo kwa wakati mmoja, ikaitoa ilipo na kuondoka nayo, mara nyingi kupitia mkojo au choo. Ufanisi maana yake ni kwamba kampaundi inafanya kazi hiyo pale inapohitajika. Usalama maana yake ni kwamba haifanyi kazi nyingine yenye madhara na, jambo linalosahaulika zaidi, haifanyi kazi hiyohiyo kupita kiasi. Samaki pundamilia ni samaki mdogo wa maji baridi, mwenye urefu wa sentimita tatu au nne na mistari ya buluu ubavuni, ambaye asili yake ni vijito na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh.

Mwili wa mtu mzima una takriban miligramu 100 tu za shaba, na kiasi hicho kidogo kinabeba kazi nzito. Kimeng'enya (protini inayoendesha shughuli za kikemia mwilini) kinachokamilisha safari ya oksijeni ndani ya seli ili ipatikane nishati hakifanyi kazi bila shaba. Kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni ili mishipa ya damu iwe imara kinaihitaji. Kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, nacho kinaihitaji, na hicho ndicho kitakachotufaa sana tutakapofika kwa samaki. Kwa hiyo usemi kwamba "shaba ni sumu, kadiri inavyopungua ndivyo afya inavyozidi" si kweli hata kidogo. Mtu anayepungukiwa shaba hupata upungufu wa damu, na akiachwa muda mrefu hupata madhara ya uti wa mgongo yanayomfanya atembee kwa kuyumba.

Kinachotufanya tuzungumzie dawa za kuitoa ni kwamba wapo watu ambao miili yao haiwezi kuitoa yenyewe. Mwaka 1912 daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson, aliyefanya kazi London, alieleza kwa kina ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na ini la mtu yuleyule. Baadaye ilibainika kwamba tatizo ni shaba inayorundikana, na mwaka 1993 ikatambuliwa jeni yenye hitilafu, inayoitwa ATP7B. Kazi ya jeni hiyo ni kuliwezesha ini kuisukuma shaba ya ziada kwenye nyongo ili itoke na choo. Ikiharibika kwa upande wa baba na wa mama, shaba hujaa kwenye ini, kisha humwagikia kwenye damu, ubongo na hata pembezoni mwa mboni ya jicho, ambako daktari anaweza kuona duara la rangi ya kahawia. Makadirio yanayotumika sana ni mgonjwa mmoja kwa kila watu 30,000. Bila tiba, ugonjwa wa Wilson huua. Kwa tiba iliyoanza mapema, mgonjwa anaweza kuishi maisha marefu ya kawaida.

Upande wa pili wa sarafu hiyo uko ugonjwa wa Menkes, ulioelezwa mwaka 1962. Watoto wa kiume wenye ugonjwa huo huota nywele zilizojisokota na kukatika ovyo, ubongo unadhoofika, na wengi hufariki wakiwa bado wadogo. Miaka kumi baadaye David Danks, daktari wa watoto huko Melbourne, aligundua kwamba nywele hizo zinafanana na sufu ya kondoo wa Australia waliolishwa katika malisho yasiyo na shaba ya kutosha. Akapima shaba katika damu ya watoto hao na kukuta iko chini sana. Jeni inayohusika, ATP7A, ni pacha wa ile ya Wilson, ila huyu kazi yake ni kuitoa shaba kwenye utumbo na kuifikisha mwilini. Naitaja kwa makusudi, kwa sababu kampaundi ya kushika shaba ikizidi nguvu humsukuma mtu mwenye afya kuelekea hali inayofanana na ya watoto hao.

Dawa zenyewe zina historia inayostahili kufahamika. Ya kwanza kutumika, dimekaproli, ilitengenezwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kama kinga dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wa Wilson walikuwa wakidungwa sindano zake zenye maumivu makali. Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Walshe alitangaza penisilamini, zao la kuvunjika kwa penisilini ambalo aliwahi kulikuta kwenye mkojo wa wagonjwa. Aliangalia umbo la molekuli yake, akaona inaweza kushika shaba, akaimeza yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Ilikuwa hatua ya ujasiri ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu. Mwaka 1969 aliongeza trientini kwa ajili ya wale waliodhuriwa na penisilamini. Nyingine, tetrathiomolibdeti, chimbuko lake ni mifugo: ng'ombe na kondoo waliokula majani yenye molibdeni nyingi walipungukiwa shaba, na watafiti wakafuatilia kisa hicho mpaka wakaipata molekuli. Zinki, ambayo nayo hutumika kwa ugonjwa wa Wilson, haimo katika kundi hili; yenyewe huufanya utumbo utengeneze protini inayoizuia shaba ya chakula isipite.

Ugumu wa dawa zote hizi ni uleule wa mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kazi yake si kutupa vilivyomo kwenye ungo, kwani hilo kila mtu analiweza. Ni kutoa mawe na kuuacha mchele. Kampaundi nzuri inatakiwa iitoe shaba iliyozidi na kuiacha ile iliyomo ndani ya vimeng'enya, na isiguse madini mengine. Sharti hilo la mwisho limegharimu maisha. Kati ya mwaka 2003 na 2005, watu watatu nchini Marekani, wawili kati yao watoto, walikufa baada ya kupewa kampaundi ya kutoa metali nzito mwilini iliyoshika kalsiamu badala yake. Kalsiamu ya damu ikishuka ghafla, moyo husimama. Kampaundi hiyo ilikuwa na ufanisi mkubwa katika kushika, lakini ilishika kisichotakiwa.

Tunaingia sasa maabara. Samaki pundamilia alianza kuchukuliwa kwa uzito kama mnyama wa utafiti kupitia George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye makala yake ya mwaka 1981 ilifungua njia. Ramani kamili ya jeni zake ilipochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina ndugu katika samaki huyu. ATP7A na ATP7B ni miongoni mwao. Jike moja hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja, yai hurutubishwa na kukua nje ya mwili wa mama, na kiinitete, yaani samaki mchanga anayeanza kuumbika, ni angavu kiasi kwamba moyo wake, unaoanza kupiga takriban siku moja tu baada ya kurutubishwa, unaonekana chini ya hadubini bila kupasua chochote.

Mtafiti huweka viinitete katika sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96, kila kishimo kikiwa na maji kidogo, na sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 28 hivi. Kundi moja hupata maji matupu. Kundi la pili hupata maji yenye kiyeyushi kilichotumika kuyeyusha kampaundi, bila kampaundi yenyewe, ili madhara ya kiyeyushi yasije yakasingiziwa dawa. Makundi mengine hupata kampaundi kwa dozi zinazopanda ngazi kwa ngazi, kuanzia ndogo isiyo na athari yoyote hadi kubwa inayoua. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kupima sumu ya kemikali kwa viinitete vya samaki, uliopitishwa mwaka 2013 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la mataifa mengi, ambao huchukua saa 96 na kuangalia ishara nne: yai kuganda, mafungu ya misuli kutojitokeza, mkia kutobanduka kwenye kiini cha yai, na moyo kutopiga. Hizo ni ishara za kifo. Kwa dawa inayoshika shaba hazitoshi kabisa, kwa sababu kiinitete kinaweza kuwa hai na huku kimepungukiwa shaba vibaya.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Kiinitete chenye afya cha siku mbili kina macho meusi na madoa meusi yaliyopangana mgongoni. Kile kilichokaa katika kampaundi inayoshika shaba kwa nguvu kina macho yaliyofifia na mgongo mweupe, kwa kuwa kimeng'enya cha melanini kimekosa shaba yake. Ukiongeza dozi utaona jambo la pili: notokodi, yaani ule ufito laini unaotangulia uti wa mgongo, ambao kwa kawaida umenyooka toka kichwani hadi mkiani, unakuwa umejikunja huku na huku, kwa sababu kimeng'enya cha kufunga kolajeni nacho kimesimama. Maabara ya Jonathan Gitlin huko St. Louis, Marekani, ilieleza hali hii kwa undani mwaka 2006, ikilinganisha viinitete vilivyowekwa kwenye kampaundi za kushika shaba na samaki waliozaliwa na hitilafu katika jeni yao ya ATP7A. Mwonekano ulikuwa uleule. Waligundua pia kwamba shaba inapokuwa haba, kiinitete huigawa kwa vipaumbele, tishu moja ikinyimwa kabla ya nyingine, na kwamba kiinitete chenye hitilafu ndogo ya jeni, ambayo peke yake haina madhara, hupinda notokodi shaba ikipungua kidogo tu. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi wenye uzito kuliko yote katika uwanja huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba dozi iliyo salama kwa wengi yaweza isiwe salama kwa mwenye urithi tofauti.

Msomaji makini atauliza: je, kupotea kwa rangi ni uthibitisho kwamba shaba imetolewa? Hapana. Wanaofuga samaki hawa kwa utafiti hutumia mara kwa mara kemikali iitwayo fenilthayourea ili wabaki bila rangi na waonekane vizuri ndani, na kemikali hiyo hufanya hivyo kwa kukizuia kimeng'enya cha melanini moja kwa moja. Ndiyo maana jaribio lililofanywa vizuri lina hatua ya kurudisha: mtafiti anaongeza shaba kidogo kwenye maji pamoja na kampaundi. Rangi ikirudi na notokodi ikanyooka, basi madhara yalitokana na ukosefu wa shaba. Zisiporudi, kampaundi ina mchezo mwingine. Kisha anarudia kwa zinki na kwa chuma, ili ajue kama inachagua au inakamata chochote inachokutana nacho.

Hadi hapa tumepima kampaundi kwa samaki mwenye shaba ya kawaida, yaani tumepima usalama zaidi kuliko ufanisi. Ili kupima ufanisi inabidi samaki awe na shaba iliyozidi. Njia rahisi ni kutia mrututu, yaani chumvi ya shaba, kwenye maji, uleule wa buluu ambao wakulima wamekuwa wakiutumia kwa kupulizia mimea dhidi ya kuvu. Samaki wana vikundi vya seli zenye vinywele vilivyotandazwa juu ya ngozi toka kichwani hadi mkiani, ambavyo huwasaidia kuhisi mwendo wa maji, na seli hizo zinafanana sana na zile za sikio la ndani la binadamu. Mrututu huziua ndani ya saa chache. Mtafiti huwatia samaki rangi inayoingia katika seli hai tu na kung'aa chini ya hadubini, kisha huhesabu: kundi la mrututu peke yake limebakiwa na seli ngapi, na kundi lililopata mrututu pamoja na kampaundi limebakiwa na ngapi.

Jaribio hili linavutia, na ndilo linalopotosha zaidi. Fikiria kilichotokea ikiwa mrututu na kampaundi vimetiwa katika kishimo kimoja kwa wakati mmoja. Kampaundi huishika shaba majini, kabla haijamfikia samaki. Seli zinanusurika, takwimu zinapendeza, lakini kampaundi haijatoa shaba yoyote ndani ya mwili. Imesafisha maji tu. Mgonjwa wa Wilson haogelei katika shaba, anayo kwenye ini. Kwa hiyo unaposoma kwamba kampaundi "imewalinda samaki dhidi ya shaba", swali la kwanza ni mpangilio wa hatua. Jaribio lenye uzito huwapa samaki shaba kwanza, likawaosha, likawahamishia kwenye maji safi, ndipo likawapa kampaundi, kisha likapima shaba iliyobaki katika tishu zao kwa mashine. Kipimo bora zaidi ni samaki aliyeharibiwa jeni ya ATP7B, ambaye hawezi kuitoa shaba sawasawa kama asivyoweza mgonjwa. Hata maji yenyewe yana neno: maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, hupunguza ukali wa shaba, na maabara mbili zenye maji tofauti zaweza kupata majibu tofauti kwa kampaundi ileile.

Baada ya hayo yote kinachotafutwa ni nafasi kati ya dozi mbili: ile inayoanza kuitoa shaba ya ziada na ile inayoanza kufuta rangi na kupinda notokodi. Kampaundi ambayo dozi hizo zimeachana mbali inastahili kuendelea. Kampaundi ambayo zimekaribiana haifai, hata kama nguvu yake ya kushika ni kubwa mno. Neokuproini hushika shaba vizuri sana, na ni chombo kizuri cha maabara cha kuleta upungufu wa shaba kwa samaki. Hakuna daktari anayeiandika kwenye cheti cha dawa.

Wapo wanaosema kwamba kilichotoka kwenye mmea hakihitaji kupitia haya, na giligilani na kitunguu saumu ndivyo vinavyotajwa sana. Ni kweli kwamba molekuli za mimea huweza kushika metali. Hata hivyo, kutoka shambani hakuiambii molekuli ishike metali ipi na iache ipi, na hilo ndilo swali lililowaua wale watu watatu. Mboga hizo zikiliwa kama chakula hazina shida; zikikamuliwa na kukolezwa kwenye chupa ili "zitoe metali", zinakuwa zimetoa dai la dawa na zinapaswa kupimwa kama dawa.

Kwa kambi inayodhani samaki amemaliza kazi, kuna mambo ambayo jaribio la siku tano haliwezi kuyaona. Kiinitete kinaishi kwa kiini cha yai alichowekewa na mama pamoja na shaba iliyomo, na dawa inakifikia kupitia maji na ngozi, si kupitia tumbo lenye chakula na asidi. Mgonjwa wa Wilson humeza dawa maisha yake yote. Penisilamini huwaletea baadhi ya wagonjwa athari zinazotokana na kinga ya mwili kujishambulia, zikiwemo za figo na ngozi, na sehemu hiyo ya kinga katika samaki pundamilia haijakomaa mpaka baada ya wiki kadhaa. Sahani ya vishimo 96 isingeiona kamwe. Vilevile baadhi ya wagonjwa wenye dalili za ubongo huzidiwa mara tu wanapoanzishiwa dawa hiyo. Na kisa cha kliokwinoli kinatisha zaidi. Dawa hiyo, ambayo hushika shaba na zinki, iliuzwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuhara, hadi Japani iliposimamisha mauzo yake mwaka 1970 baada ya takriban watu 10,000 kuharibika neva, wengine wakipofuka.

Ndiyo maana kampaundi inayofaulu kwa samaki hupelekwa kwa panya waliozaliwa na hitilafu ya ATP7B, wenye ini linalougua kama la binadamu, kisha kwa idadi ndogo ya watu, kisha kwa wengi. Hata ikishakuwa dawa, kupima hakukomi. Mgonjwa hukusanya mkojo wake wote wa saa 24 ili shaba iliyomo ipimwe, na jibu lake linahitaji daktari mwangalifu: kwa mtu aliyetibiwa miaka mingi, shaba iliyo chini sana kwenye mkojo yaweza kumaanisha kwamba ameacha kumeza dawa, au kwamba dawa imemaliza shaba yake kupita kiasi. Hali ya kwanza inahitaji kurejeshwa kwenye dawa, ya pili inahitaji dozi ipunguzwe haraka, na kinachozitenganisha ni kupima shaba iliyo huru kwenye damu, yaani isiyofungwa imara kwenye protini.